Gandhi na Nadhiri ya Maziwa

Utangulizi

Jina la Mohandas Karamchand Gandhi si geni kwa msomaji wa jarida hili. Sanamu yake imo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mrengo mmoja wa majengo ya chuo hicho huitwa kwa jina lake. Aghalabu anapotajwa hukumbukwa kwa mapambano yasiyotumia nguvu dhidi ya utawala wa Waingereza nchini India, kwa vazi lake la nguo iliyofumwa kwa mkono, na kwa kuuawa kwake mnamo 1948. Makala hii hainuii kuyarudia hayo ambayo yamekwisha kuandikwa sana. Inadhamiria kuyafuata maisha yake kwa njia nyembamba zaidi, yaani kupitia chakula alichokubali na alichokataa kukila.

Ni vyema kutofautisha mambo mawili kabla ya kuendelea. Watu wasiokula nyama lakini wanaotumia maziwa, na pengine mayai, kwa muda mrefu wameitwa wala mboga. Wapo wengine wanaokwenda hatua moja mbele: hawatii kinywani chochote kitokacho kwa mnyama, yawe ni maziwa, siagi, mayai au asali. Hawa siku hizi huitwa vegani. Gandhi alizaliwa miongoni mwa wala mboga. Mnamo 1912 akaivuka hatua ile ya pili, akadumu huko kwa zaidi ya miaka sita, kisha akarudi nyuma kwa namna iliyomsumbua hadi uzeeni.

Hoja ya makala hii ni kwamba safari hiyo ilikuwa ya maneno sawa na ilivyokuwa ya chakula. Gandhi alikuwa mtu wa nadhiri, na nadhiri hufungwa kwa maneno. Katika nyakati mbili kuu za maisha yake alilazimika kuamua neno moja lina maana gani: kwanza neno nyama, baadaye neno maziwa. Uamuzi wa kwanza ulimpa amani. Wa pili haukumpa.

Malezi

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa bandari wa Porbandar, eneo la Gujarat, magharibi mwa India. Baba yake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa mtawala wa mji huo, na baadaye akashika wadhifa kama huo Rajkot. Mama yake, Putlibai, alikuwa mcha Mungu mno. Alifunga mara kwa mara, na wakati mwingine alijiwekea sharti la kutokula mpaka alione jua. Katika majira ya mvua, mawingu yalipotanda, watoto wake walikuwa wakitoka nje kulitazamia jua ili mama yao apate kula. Walipomwita naye akachelewa, likafichika tena, alirudi kazini mwake bila kinyongo. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hii alijifunza mapema kwamba neno analojifunga nalo mtu huwa na nguvu kuliko njaa.

Jamaa yake walikuwa Wahindu wa madhehebu ya Vaishnava, na Gujarat ni eneo ambamo dini ya Kijaini, inayokataza kudhuru kiumbe chochote chenye uhai, ilikuwa na athari kubwa. Nyama haikuingia nyumbani mwao. Maziwa, kwa upande mwingine, yalikuwa chakula kitukufu, na samli ilitumika jikoni na katika ibada. Ikumbukwe basi kwamba katika mazingira hayo hakuna aliyemlazimu mtu kueleza kwa nini hali nyama. Lilikuwa jambo la ukoo na la kijiji kizima, wala halikuhitaji hoja.

Hata hivyo, ujana una majaribu yake. Siku hizo vijana wengi wa Gujarat waliamini kwamba Waingereza waliweza kuitawala India kwa sababu walikula nyama, na kwamba Mhindi angelikula nyama naye angelikuwa na nguvu za kumtoa Mwingereza. Rafiki mmoja wa Gandhi, Sheikh Mehtab, aliyekuwa na mwili imara na asiyeogopa giza, alimshawishi kwa hoja hiyo. Walikutana kwa siri kando ya mto wakala nyama ya mbuzi. Gandhi hakuifurahia. Usiku huo aliota kana kwamba mbuzi mzima alikuwa akilia tumboni mwake. Alirudia karamu hizo mara chache kwa muda wa takriban mwaka mmoja, kisha akaacha. Sababu ya kuacha ni muhimu kwetu: hakuwa amemhurumia mbuzi. Alichoshindwa kustahimili ni kumdanganya mama yake kila aliporudi nyumbani akiwa ameshiba. Aliazimia kungoja hadi wazazi wake wafe, ndipo ale nyama hadharani.

Kiapo mbele ya mama

Baba yake alifariki mnamo 1885. Miaka mitatu baadaye ukoo ukakubaliana kwamba Mohandas aende Uingereza kusomea sheria. Wakati huo alikuwa ameoa, kwani yeye na Kasturba waliozwa wangali na umri wa takriban miaka 13, na tayari walikuwa na mtoto. Mama yake aliogopa. Alikuwa amesikia kwamba vijana waendao Uingereza hupotoka, hula nyama na kunywa pombe. Mtawa mmoja wa Kijaini, Becharji Swami, aliyekuwa mshauri wa jamaa hiyo, alipendekeza kijana aapishwe. Gandhi akaapa mbele ya mama yake kwamba hatagusa pombe, mwanamke wala nyama. Putlibai akaridhia, na mnamo Septemba 1888 mwanawe akapanda meli Bombay.

Jijini London kiapo hicho kilimtesa. Mwenye nyumba aliyopanga hakujua ampikie nini. Mboga zilichemshwa bila chumvi wala viungo, na mgeni aliona haya kuomba kipande cha tatu cha mkate. Rafiki zake walimsihi aache upuuzi. Walimwambia kwamba kiapo alichokitoa kwa mama asiyejua kusoma, asiyejua hali ya nchi ya baridi, hakina uzito wa kisheria. Gandhi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akianza kusoma sheria, hakuwa na jibu la kuwapa. Alichoweza kusema ni kwamba kiapo ni kiapo. Waswahili nao husema ahadi ni deni.

Siku moja, baada ya kuzunguka sana akitafuta chakula, aliuona mkahawa wa wala mboga katika barabara ya Farringdon. Karibu na mlango vilikuwa vikiuzwa vitabu, na kimojawapo kilikuwa cha Henry Salt, mwandishi Mwingereza, cha kutetea ulaji wa mboga. Alikinunua kwa shilingi moja, akaingia ndani, akala akashiba kwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza. Kitabu alikisoma chote. Tangu siku hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, akawa mla mboga kwa hiari. Lile wazo la kungoja wazazi wafe ili ale nyama likatoweka. Alijiunga na Chama cha Wala Mboga cha London, akaingia katika kamati yake ya utendaji, akaanzisha tawi dogo katika mtaa wa Bayswater, na mnamo 1891 akaandika makala kuhusu vyakula na desturi za Wahindi katika jarida la wala mboga. Wasomi wa fasihi watapendezwa kujua kwamba kazi zake za mwanzo kuchapishwa zilihusu chakula.

Ni katika mazingira hayo ndipo lilipozuka swali la kisemantiki. Miongoni mwa wala mboga wa Uingereza, Gandhi alikuta maana tatu za neno nyama. Kwa wengine, nyama ilikuwa mwili wa ndege na wa mnyama wa miguu minne tu, kwa hiyo samaki na mayai viliruhusiwa. Kwa wengine, ilikuwa mwili wa kiumbe chochote chenye uhai. Samaki akakatazwa, mayai yakabaki. Kundi la tatu lilijumuisha kila kitokacho kwa kiumbe hicho, yakiwemo mayai na maziwa. Je, yeye aliapa kuacha ipi?

Kijana huyo angeliweza kuchagua maana iliyo nyepesi. Badala yake alijiuliza mama yake alielewa nini wakati ule wa kuapa. Putlibai hakuwahi kuyahesabu mayai kuwa chakula halali. Kwake yalikuwa sawa na nyama. Maziwa aliyanywa kila siku. Gandhi akaamua kwamba maana ya mama ndiyo iliyomfunga, akaacha mayai, pamoja na keki na vyakula vingine vingi vilivyotiwa mayai ambavyo ilimbidi aulize kabla ya kula. Kutokana na tukio hilo alijitungia kanuni mbili ambazo baadaye alizieleza katika tawasifu yake. Kwanza, kiapo hufasiriwa kwa maana aliyokusudia kwa dhati yule aliyekipokea. Pili, panapokuwa na fasiri mbili, ifuatwe ile ya mnyonge. Tuzikumbuke kanuni hizi, kwa maana tutazihitaji mbele.

Alipohitimu na kurejea Bombay mnamo 1891 aliarifiwa kwamba mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Habari hiyo alikuwa amefichwa. Mpokeaji wa kiapo hakuwapo tena, lakini kiapo kilibaki.

Afrika

Mnamo Aprili 1893 Gandhi alisafiri tena, safari hii kwenda Natal kuitumikia kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu wa Kigujarati. Njiani aliiona pwani yetu. Meli yake ilitia nanga Lamu, naye akashuka kuutazama mji na kuzungumza na makarani Wahindi wa posta. Aliporudi bandarini mkondo ulikuwa mkali na mashua haikuweza kuikaribia meli. Ngazi ilikuwa imekwisha kuinuliwa, ikabidi avutwe kwa kamba. Kisha akapita Mombasa, na Unguja akakaa zaidi ya juma moja akingoja meli nyingine. Alifika Durban mwezi Mei. Alikusudia kukaa mwaka mmoja. Ukitoa vipindi alivyorudi kwao, alikaa miaka ishirini hivi.

Habari za kutupwa nje ya treni Pietermaritzburg na za mapambano ya Wahindi dhidi ya sheria za ubaguzi zinajulikana. Lisilosimuliwa sana ni kwamba wakati huo wote aliendelea kuvifanyia majaribio vyakula vyake. Mjini Johannesburg aliunga mkono mkahawa wa wala mboga kwa fedha nyingi za mteja wake aliyemwamini. Mkahawa ukafilisika, naye akalazimika kuzilipa fedha hizo mwenyewe.

Majaribio hayo hayakuwa mchezo wa mtu mmoja. Mnamo 1902, alipokuwa Bombay kwa muda, mwanawe wa pili, Manilal, mwenye umri wa miaka kumi, alishikwa na homa kali ya matumbo. Daktari akashauri mayai na supu ya kuku. Gandhi alikataa, akamtibu mtoto kwa vitambaa vya maji na maji ya machungwa, huku akitetemeka kwa hofu ya kumpoteza. Mtoto akapona. Baadaye, mjini Durban, Kasturba aliugua vibaya baada ya kupasuliwa, na daktari akampa mchuzi wa nyama ya ng'ombe bila idhini. Gandhi alipomuuliza mkewe, mama huyo, aliyekuwa amebaki mifupa mitupu, alijibu kwa uthabiti kwamba heri afe kuliko kuunywa mchuzi huo. Wakaondoka kwa daktari mvua ikinyesha. Msomaji wa leo ana haki ya kumlaumu mume na baba aliyeweka maisha ya wenziwe rehani kwa ajili ya imani yake. Lakini asimsahau Kasturba, ambaye katika tukio hili hakuwa mfuasi tu. Alikuwa na imani yake na kauli yake. Kauli hiyo tutakutana nayo tena.

Kuacha maziwa

Mnamo 1910 rafiki wa Gandhi, msanifu majengo Hermann Kallenbach, alitoa shamba lake la ekari 1,100 karibu na Johannesburg liwe makao ya jamaa za Wahindi waliofungwa kwa sababu ya mapambano. Waliliita Shamba la Tolstoy, kwa heshima ya mwandishi mashuhuri wa Urusi ambaye Gandhi aliandikiana naye barua. Hapo ndipo, mnamo 1912, yeye na Kallenbach walipoapa kuacha maziwa.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kidini. Mjaini mmoja aliyemheshimu sana, Raychandbhai, alikuwa amemfundisha kwamba maziwa huamsha matamanio ya mwili, na tangu 1906 Gandhi alikuwa ameweka nadhiri ya kujizuia na tendo la ndoa. Sababu ya pili ndiyo iliyomsukuma. Alikuwa amesoma maandishi kutoka Calcutta yaliyoeleza mateso ya ng'ombe na nyati wa maziwa. Wafugaji wa huko walikuwa na desturi ya kumpulizia mnyama hewa kwa nguvu katika tupu yake ili atoe maziwa hadi tone la mwisho. Hapa pana mageuzi makubwa. Kijana aliyeacha nyama ya mbuzi kwa ajili ya mama yake sasa aliacha maziwa kwa ajili ya mnyama mwenyewe.

Chakula chao kikawa karanga mbichi, ndizi, tende, malimau na mafuta ya zeituni. Gandhi alikuwa na umri wa miaka 42 au 43, na kwa maelezo yake hakuona udhaifu wowote. Aliweza kutembea maili nyingi kwa siku.

Lakini hatua hii haikufanana na ile ya kwanza. Kutokula nyama alikurithi: dini ilikuunga mkono, mama alikuapishia, na London alikuta mikahawa, vitabu na chama. Kuacha maziwa hakukuwa na mama wala chama. Wahindu wenzake waliyaona maziwa kuwa baraka, na wala mboga wa Uingereza wengi wao waliyanywa. Tendo lenyewe halikuwa hata na jina. Gandhi alilazimika kulieleza kwa kukanusha kitu kimoja tu: maziwa.

Jaribio la kwanza lilikuja London mnamo 1914, alipokuwa njiani kurejea India. Aliugua ugonjwa wa mbavu na mapafu, na daktari kijana wa Kihindi, Jivraj Mehta, akamsihi anywe maziwa. Kiongozi aliyemstahi kuliko wote, Gopal Krishna Gokhale, naye akamwomba akubali. Gandhi aliomba muda wa kutafakari. Kisha akamwambia Gokhale kwamba kwa mengine yote atatii, ila maziwa hatakunywa. Gokhale hakupendezwa, lakini alimwelewa.

Mbuzi

Mnamo 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, Gandhi alizunguka wilaya ya Kheda, Gujarat, akiwahimiza wakulima wajiunge na jeshi la Uingereza. Msomaji atashangaa kumwona mtetezi wa kutodhuru akiandikisha askari. Wakulima nao walishangaa, wakamkwepa. Alitembea maili nyingi juani, na chakula chake kikubwa kilikuwa siagi ya karanga na malimau. Akaanza kuhara damu. Siku moja ya sikukuu, akiwa amekusudia kutokula chochote, Kasturba alimwandalia uji mtamu wa ngano uliotiwa mafuta pamoja na bakuli la ndengu. Alishawishika, akala akashiba. Kabla ya saa moja kupita ugonjwa ukamlipukia. Kwa muda wa miezi alikuwa kitandani, amekonda, akiamini kwamba anakufa. Madaktari walikuja na dawa zao, na kila mmoja alipotaja maziwa yeye alikataa.

Mnamo Januari 1919, mjini Bombay, daktari aliyeitwa Dalal alimpasua bawasiri. Akamwambia kwamba mwili wake hauwezi kujengeka upya bila maziwa, na kwamba kama angekubali kuyanywa pamoja na kudungwa sindano, angemhakikishia afya. Gandhi akazikubali sindano, akayakataa maziwa. Daktari akataka kujua nadhiri hiyo ilikuwa ya namna gani. Mgonjwa akamweleza habari za ng'ombe na nyati na yale mateso ya kupuliziwa hewa.

Kasturba alikuwa amesimama kando ya kitanda akisikiliza. Akasema kwamba, ikiwa ni hivyo, basi maziwa ya mbuzi hayawezi kuwa na pingamizi. Daktari akaidaka kauli hiyo mara moja. Na Gandhi, aliyemkatalia Gokhale na madaktari wote, akasalimu amri kwa mkewe.

Kauli ya Kasturba inastahili kuchambuliwa na mwanafunzi wa lugha. Hakuikana nadhiri. Hakumwambia mumewe aivunje. Aliifasiri. Alitazama sababu aliyoitoa mwenyewe, akaona kwamba sababu hiyo ilitaja wanyama wawili, akamtafuta wa tatu. Ilikuwa hoja sahihi kabisa kwa upande wa maneno, na mwanasheria aliyelala kitandani hakuwa na la kujibu. Tena ilitoka kwa mke aliyekuwa ameuguza kwa miezi na ambaye aliutaka uhai wa mumewe kuliko usafi wa hoja.

Gandhi mwenyewe hakujidanganya. Alijua kwamba siku ile ya 1912 alipotamka maziwa, ingawa akilini mwake walikuwamo ng'ombe na nyati, alikusudia maziwa ya kila mnyama. Alikiri katika tawasifu yake kwamba alishika herufi ya nadhiri na kuitupa roho yake. Sababu aliyoitoa ilikuwa hamu ya kuishi. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiandaa sheria za Rowlatt za kuwafunga watu bila kesi, naye alitaka kupigana nazo. Akanywa, akapata nguvu, na tarehe 6 Aprili 1919 India ikafunga maduka na kuacha kazi kwa mwito wake. Juma moja baadaye askari waliwaua mamia ya watu Amritsar. Ni vigumu kuifikiria historia ya India baada ya hapo bila Gandhi, na pengine bila yule mbuzi.

Miaka ya baadaye

Tangu hapo maziwa ya mbuzi yakawa sehemu ya picha yake. Wachoraji wa vibonzo walimchora na mbuzi wake, na wengi walidhani ni alama ya unyenyekevu wa mwanakijiji. Kwake yeye yalikuwa kumbukumbu ya kushindwa. Alipoiandika tawasifu yake, iliyochapishwa kwa sehemu katika magazeti yake kuanzia 1925, alieleza kwamba jambo hilo lilikuwa bado likimchoma na kwamba alikuwa akitafuta njia ya kuyaacha maziwa hayo. Mnamo 1929 alijaribu kuishi kwa vyakula visivyopikwa. Afya ikatetereka, akarudi kwa mbuzi.

Tarehe 20 Novemba 1931, alipokuwa London kwa mazungumzo kuhusu katiba ya India, aliwahutubia wala mboga wa jiji hilo. Karibu naye aliketi mzee Henry Salt, mwandishi wa kile kitabu cha shilingi moja. Gandhi aliwaeleza wenyeji wake kwamba mtu aachaye nyama kwa ajili ya afya tu huyumba anapougua, na kwamba msingi unaodumu ni wa kimaadili. Kisha, badala ya kujisifu, akawakumbusha maziwa yake mwenyewe, na kuyaita mkasa wa maisha yake. Aliweza kuiacha nyama yote, lakini maziwa yalimshinda.

Mnamo 1942 alitiwa kizuizini katika kasri la Aga Khan mjini Pune, akaandika humo kijitabu kuhusu afya. Alisisitiza tena kwamba maziwa ni zao la mnyama na hayawezi kuhesabiwa kuwa chakula cha mla mboga halisi. Hapo hapo alikiri kwamba hakuwa amepata mmea wa kushika mahali pake. Kasturba alifariki katika kizuizi hicho hicho tarehe 22 Februari 1944.

Mwezi Novemba mwaka huo, kikundi kidogo cha Waingereza walioacha maziwa na mayai, akiwemo Donald Watson, kilijitenga na wala mboga wenzao na kuunda chama chao. Walihitaji jina. Walichukua herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za neno la Kiingereza limaanishalo mla mboga, wakapata neno vegan. Gandhi aliuawa kwa risasi mjini New Delhi tarehe 30 Januari 1948. Katika mwaka huo huo wanasayansi wa Marekani na Uingereza walifaulu kuitenga vitamini B12. Hii hutengenezwa na bakteria, nayo hupatikana katika nyama, mayai na maziwa, lakini mimea haiwezi kutegemewa kuitoa. Leo hii hukuzwa viwandani kwa bakteria hao hao na kutiwa katika vidonge na vyakula vya vegani. Ugonjwa wa Gandhi wa 1918 ulikuwa wa kuhara damu, na tusidai kwamba kidonge kingemponya. Ila swali aliloliuliza maisha yake yote, kama binadamu anaweza kudumu bila zao lolote la mnyama, lilianza kupata jibu mwaka aliokufa.

Hitimisho

Tukizilinganisha nadhiri hizi mbili tunaona tofauti yao. Ile ya nyama ilipokelewa na mtu mwingine. Maana yake ilikaa kwa Putlibai, na mwanawe hakuwa na mamlaka ya kuipunguza hata baada ya mama kufa. Ile ya maziwa haikuwa na mama wa kuilinda. Mwapaji ndiye aliyekuwa shahidi, hakimu na mfasiri, na saa ya mauti ilipokaribia, fasiri ikalegea. Kwa kanuni yake ya pili, mwenye haki ya kufasiri alikuwa mnyonge; na katika nadhiri ya maziwa mnyonge alikuwa mnyama. Mbuzi hakuulizwa.

Hatusemi hayo ili kumshushia Gandhi hadhi. Wengi huvunja nadhiri, na wengi zaidi hupata maneno mazuri ya kuficha ufa. Yeye aliyapata maneno hayo, akayatumia kwa sababu alitaka kuishi, kisha kwa takriban miaka thelathini akakataa kuyaamini. Anayetaka leo kutoka katika ulaji wa mboga na kuingia uvegani ana mambo mawili ambayo Gandhi hakuwa nayo mwaka 1912: elimu ya lishe, na jina linalomkusanya na wenziwe. Sisi tunaoshughulika na lugha tusilidharau hilo la pili. Tendo lisilo na jina hubebwa na mtu mmoja, na mtu mmoja huchoka. Likipata jina hupata pia watu wa kumuuliza mwapaji alikusudia nini.